Sauti Mbili Mlangoni: Hekima, Malaya na Mfasiri katika Mithali 1–9

Sura tisa za mwanzo za kitabu cha Mithali zimezoeleka katika makanisa yetu kama mawaidha, na ni nadra kuwasikia wahakiki wetu wakizitaja kama utungo. Hasara ni ya pande zote mbili. Katika makala haya nakusudia kuzisoma kwa jicho la mhakiki wa tafsiri, nikitumia Biblia ya Kiswahili iliyoenea kuliko nyingine, ile ya Muungano iliyochapishwa kamili mwaka 1952. Swali langu ni moja. Mkristo anapoambiwa kwa Kiswahili achague hekima ya Mungu na aukimbie mvuto wa dhambi, je, tafsiri humpa achague baina ya nini na nini?

Umbo la sura hizi ni la wasia. Mzazi anamwusia mwana, na ndani ya usia wake zinasikika sauti mbili nyingine. Hekima anasimama njia panda na malangoni pa mji, naye anapaza sauti. Mwanamke wa pili naye yumo njiani, na ana nyumba yake. Kilele ni sura ya 9. Hekima amejenga nyumba ya nguzo saba, amechinja, ametengeneza divai, ametuma wajakazi wakaalike watu. Mwanamke mpumbavu ameketi mlangoni pake, mahali pa juu pa mji, akiwaita wapitao. Wote wawili wanamwita mtu yuleyule, yaani mjinga asiyejua aendako, na mwaliko wao wa kwanza unakaribia kuwa mmoja, neno kwa neno, katika Kiebrania na katika Kiswahili pia. Baada ya hapo ndipo wanapoachana. Mmoja anataja chakula kilichoandaliwa hadharani. Mwingine anasifu utamu wa kilichoibwa na kuliwa faraghani. Asichokijua mpita njia ni kwamba wageni wa nyumba ya pili wamekwisha kufika kuzimu.

Kwa maoni yangu, fikra nzito ya kitabu imo katika ufanano huo. Mtunzi hakuipa dhambi sauti ya kukwaruza na hekima sauti ya zeze. Amezipa mwaliko mmoja, mlango mmoja mmoja na mgeni mmoja, kisha akamwachia mgeni kazi ya kupambanua. Mtu hawezi kuchagua kwa kusikiliza utamu wa wito, kwa kuwa wito ni mtamu kotekote. Hana budi kuuliza mambo mawili: chakula hiki kimetoka wapi, na walioingia kabla yangu wako wapi?

Mfasiri ameitumikia fikra hii vizuri katika baadhi ya maneno yake, nami ningependa kuanza na sifa kabla ya lawama. Neno mjinga, kwa mfano, ni teule. Katika Kiswahili mjinga ni asiyejua bado. Katika karne ya 19 pwani hii ilimwita hivyo hata mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua desturi wala lugha ya mji. (Historia ya neno hilo ina uchungu wake, lakini yafaa ikumbukwe.) Mjinga hufundishika. Mpumbavu ni mwingine kabisa, amefundishwa akakataa. Kiebrania nacho kinawatenganisha watu hao wawili, na Kiswahili kimepata jozi ya maneno inayolingana nao bila ya kujikamua.

Bora zaidi ni werevu. Nyoka wa kitabu cha Mwanzo huitwa mwerevu kuliko wanyama wote. Mwanzoni mwa Mithali, mtunzi anapotaja faida za kitabu chake, faida mojawapo ni kuwapa wajinga werevu. Na katika sura ya 8 Hekima mwenyewe anasema kwamba anakaa pamoja na werevu. Katika Kiebrania shina ni moja kote, naye mfasiri wa Kiswahili amelihifadhi. Tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka huohuo wa 1952, iitwayo Revised Standard Version, imetumia neno moja kwa nyoka na jingine kwa faida ya Mithali, hata msomaji wake asiweze kuuona udugu uliopo. Msomaji wa Kiswahili anauona. Anaona kwamba alichonacho nyoka na alichonacho Hekima ni kipaji kimoja kilichoelekezwa kwingine, na kwamba Mkristo asiye na werevu hajawa mtakatifu kwa kuukosa. Ni kweli kwamba uzi huu unakatika katika Injili ya Mathayo, ambapo wanafunzi wanaagizwa wawe na busara, si werevu, kama nyoka. Hata hivyo kosa hilo ni dogo.

Sasa tuje kwenye jinsia. Katika Kiebrania nomino ya hekima ni ya kike. Katika Kiarabu, ambako Kiswahili kiliikopa, ni ya kike pia. Iliposhuka pwani ikaiacha jinsia bandarini. Mfasiri alikuwa na hiari ya kuiacha katika ngeli yake, hekima imejenga, nayo ingebaki dhana tu. Badala yake amempa upatanisho wa kiumbe hai: Hekima amejenga, Hekima analia njiani. Kwa kiambishi kimoja tashihisi imesimama. Lakini kiambishi hicho humwonyesha mtu bila ya kuonyesha kama ni mwanamke au mwanamume. Ni mahali pachache tu, kama pale katika sura ya 7 mwana anapoagizwa amwite Hekima umbu lake na kumwita ufahamu jamaa yake, ndipo uke wake unapochungulia. Na hata hapo mfasiri imembidi aongeze neno mwanamke, maana jamaa peke yake halisemi.

Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Kiswahili anamwona mwanamke mmoja tu wazi katika sura hizi, na huyo ni yule wa dhambi. Yule wa wokovu ni mtu asiye na sura. Pambano la wanawake wawili linageuka kuwa pambano la mwanamke na kitu kingine.

Hilo ni la sarufi, wala simlaumu mtu kwa ajili yake. Lakini neno malaya ni la mfasiri. Kiebrania kinamwita mwanamke huyu kwa majina mawili yaendayo sambamba, moja likimaanisha wa nje, asiye wako, na la pili likimaanisha mgeni. Katika sura za 5 na 7 la pili limetafsiriwa mgeni, nalo la kwanza limekuwa malaya. Sasa na tumtazame mwanamke wa sura ya 7 alivyochorwa. Ana mume, naye amesafiri na mfuko wa fedha hadi mwezi mpevu. Siku hiyohiyo ametimiza nadhiri na kutoa sadaka za amani. Ametandika kitanda na kukifukiza manemane, udi na mdalasini, harufu ambazo msomaji wa Mombasa au Lamu huzijua kwa nyumba ya harusi. Mavazi yake ndiyo ya kikahaba; mwenyewe ni mke wa mtu, mcha dini, na anatoka ibadani. Sura ya 6 inawatenga kabisa kahaba na mke wa mtu. Mtunzi alitaka kijana aogope jambo lenye adabu zote za heshima. Mfasiri amempa jambo ambalo kijana yeyote amekwisha kuambiwa na kila mtu kwamba ni baya.

Wala neno hilo halikuwa na maana moja nchini mwetu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu Nairobi ya wakoloni, ameonyesha jinsi watu wa mji ule walivyomtofautisha malaya, aliyekaa chumbani mwake akingoja, na watembezi waliotafuta wanaume barabarani. Mwanamke wa Mithali ana miguu isiyokaa nyumbani mwake. Kwa kipimo cha Pumwani, basi, hata jina si lake!

Wasomaji wengine wataona kwamba nabishana kuhusu neno moja. Sivyo. Malaya leo ni tusi linalotupiwa mwanamke yeyote aliyechelewa kurudi nyumbani au aliyemkataa mtu. Niliwahi kuhudhuria ibada ya vijana ambamo mhubiri aliisoma sura ya 7 yote, akaifafanua kwa saa nzima, asiigeukie sura ya 8 hata kidogo. Wavulana walitoka wakicheka, wasichana wakiwa wameinamisha macho. Wapenzi wa ushairi wetu wanajua maana ya kitendo kama hicho. Ni kama kulisoma shairi moja la majibizano, tuseme la Muyaka na wapinzani wake wa Lamu, na kulificha jibu. Sura ya 8 ni jibu. Hekima anazungumza papo hapo, katika njia ileile, mchana. Na mhubiri alikuwa amefunga kitabu.

Jambo hili linaumiza zaidi kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimekwisha kumfungulia msichana mlango. Kiebrania kinamwita msikilizaji kwa neno la kiume. Kiswahili kinasema mwanangu. Binti anayefungua sura ya 1 anaitwa yeye, anaambiwa ashike mafundisho ya baba na asiache ya mama, kama vile Mwana Kupona alivyomwita na kumkalisha bintiye mwaka 1858 ili amwusie. Anakwenda hivyo, mwana halali wa usia. Halafu anafika penye malaya na kujikuta amehamishwa kutoka upande wa mwenye kuonywa hadi upande wa kile anachoonywa nacho mwenziwe. Hakuna aliyemwonya yeye juu ya mtu wa nje aliye mtamu wa maneno, ambaye kwake pengine angekuwa mwanamume mwenye mfuko wa fedha na sifa njema kanisani.

Nakiri kwamba usia wenyewe umetungwa kwa ajili ya vijana wa kiume, na mfasiri hawezi kuufanya kuwa kitu kisichokuwa. Wala sisemi uzinzi wa sura hizi ni wa mafumbo tu. Mtunzi anaujua, na anamkanya mtu halisi. Ninachodai ni kidogo. Mwanamke wa nje, au hata mke wa mwingine, yangetosha kwa jina la kwanza, na kahaba lingebaki mahali ambapo Kiebrania chenyewe kinamtaja kahaba. Mjinga angerudishiwa kazi yake ya kupambanua.

Nilipolijadili jambo hili darasani, mwanafunzi mmoja wa kike aliuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza. Mwanzoni mwa kisa cha sura ya 7 kuna mtu dirishani anayemchungulia kijana akipita jioni. Ni nani? Sote tulikuwa tumedhani ni baba. Lakini nafsi ya kwanza haionyeshi jinsia, si katika Kiebrania wala katika Kiswahili. Tafsiri ya kale ya Kigiriki imemweka hapo dirishani mwanamke mwenyewe wa kisa hicho. Na Biblia inapomsimamisha mtu dirishani atazame nje, mara nyingi ni mwanamke: mama yake Sisera, Mikali, Yezebeli. Maneno ya sura ya mwisho ya kitabu hikihiki, tunaambiwa, Mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Nilimjibu yule mwanafunzi kwamba huenda ni mama, na kwamba kwa sarufi yetu hakuna kinachomzuia.