Kamba Mkononi: Uandishi Bora katika Lugha Isiyo ya Mama

Hakuna mwalimu wa Kiswahili asiyelijua jua la insha. Huchomoza katika aya ya kwanza, hutandaza miale ya dhahabu, nao ndege hutumbuiza matawini, hata kama swali linahusu madhara ya dawa za kulevya. Jua hili haliwaki popote ila katika madaftari ya watahiniwa. Makala haya yananuia kuchunguza linakotoka, na kuonyesha, kwa kurejelea waandishi waliofaulu katika lugha wasiyozaliwa nayo, njia bora ya kuinua kiwango cha uandishi wa wanafunzi wetu.

Nianze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha insha ya mvulana wa kidato cha tatu. Aya mbili za kwanza zilikuwa jua, ndege na umande. Katika aya ya tatu alieleza kuwa baba yake alitoka alfajiri akimvuta ng'ombe wao wa pekee kwenda sokoni ili ipatikane karo. Jioni alirejea na kamba mkononi, na mama hakumwuliza neno. Pembeni mwa aya hiyo niliandika kwa wino mwekundu: 'Pamba lugha!' Nilimtuza alama 9 kwa 20. Nilipomrudishia daftari, alitabasamu na kusema, "Mwalimu, Kiswahili kina wenyewe. Sisi watu wa bara tunajaribu tu."

Kauli ile imenisumbua tangu siku hiyo. Ni kweli kwamba Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, kwa hivyo si lugha ya kigeni nchini. Hata hivyo, kwa mwanafunzi ambaye nyumbani anazungumza Kikamba, Ekegusii au Kiturkana, na mjini Sheng, Kiswahili sanifu cha kuandika hujifunzwa karibu kama lugha ya kigeni: darasani, kwa kanuni, na kwa hofu ya kukosea. Hofu hiyo ndiyo mama wa jua la insha. Asiyeiamini sentensi yake mwenyewe huazima ya mtu mwingine.

Je, ni lazima mtu azaliwe na lugha ndipo aiandike vyema? Historia ya fasihi inakana. Joseph Conrad alizaliwa mwaka 1857 katika familia ya Kipolandi. Lugha yake ya pili ilikuwa Kifaransa. Kiingereza alianza kujifunza akiwa na umri wa takriban miaka ishirini, alipokuwa baharia katika meli za Uingereza. Riwaya yake ya kwanza, Almayer's Folly, ilitoka mwaka 1895, na leo anahesabiwa miongoni mwa waandishi wakuu wa lugha hiyo. Hali kadhalika, hadi mwisho wa maisha yake alikizungumza Kiingereza kwa lafudhi nzito ya kigeni. Funzo hapa ni bayana. Lafudhi hukaa mdomoni, haikai kwenye kalamu. Mwanafunzi anayechekwa darasani kwa kuchanganya 'l' na 'r' anaweza kuandika insha bora kuliko anayemcheka, mradi ajifunze kusikia maneno yake anapoyaandika.

Hata hivyo, Conrad anatufaa pia kwa udhaifu wake. Mwaka 1948, mhakiki F. R. Leavis, katika The Great Tradition, alimkosoa kwa kurundika vivumishi vya fumbo na kutoelezeka katika Heart of Darkness, kana kwamba wingi wa maneno mazito ungemfanya msomaji atishike. Leavis aliona kwamba pale Conrad anapoonyesha kitu mahususi, hutisha kweli, na pale anaposisitiza tu kuwa jambo linatisha, nguvu hupungua. Msomaji mwalimu atakubali kwamba hili ndilo kosa la jua la insha. Hata bingwa akiacha kuonyesha akaanza kupamba, huporomoka.

Tumlinganishe na Samuel Beckett, mzaliwa wa Ireland, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiingereza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliamua kuandika kazi zake muhimu kwa Kifaransa, ikiwemo tamthilia ya En attendant Godot, iliyochapishwa mwaka 1952. Alitaka kukwepa mitindo na madoido ambayo Kiingereza kilimjia nayo bila kuitwa. Kwake yeye, ugeni wa lugha ulikuwa faida, kwa kuwa ulimlazimu kupima kila neno. Anayeandika katika lugha aliyojifunza hana budi kuchagua, na kuchagua ndiko kuandika.

Karibu na nyumbani tunaye Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Viktoria, ambako lugha ya nyumbani ni Kikerewe. Hakuwa mtu wa pwani. Alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971, na baadaye diwani ya Kichomi mwaka 1974, hakujaribu kujifanya Mwunguja. Nathari yake ina sentensi fupi na msamiati wa kila siku, ilhali mambo anayoyabeba ni mazito: malezi, uhuru wa msichana, maana ya kuishi. Mashairi yake huru yalizua mjadala mkali kati ya wanajadi na wanamabadiliko, na si lazima tukubaliane naye kuhusu vina na mizani. Lililo muhimu kwetu ni kwamba mtu wa ziwani aliandika Kiswahili ambacho watu wa pwani hawakuweza kukipuuza.

Hapa kuna anayeweza kuuliza: je, tuwakataze wanafunzi methali na tamathali? La hasha. Ken Walibora, mwandishi wa bara aliyefariki mwaka 2020, alizipenda methali na misemo kupindukia, na aliitumia lugha ya pwani kwa ustadi tangu Siku Njema (1996). Hata hivyo, tazama anavyoutumia msemo uliompa jina la Kidagaa Kimemwozea. Msemo huo si pambo. Unamsubiri Mtemi Nasaba Bora mwishoni mwa kila uovu wake hadi unapotimia. Isitoshe, katika riwaya hiyo hiyo Mwalimu Majisifu anajipatia sifa kwa mswada alioandika kijana Amani. Sijui kama kuna funzo bora zaidi kwa mtahiniwa anayekariri insha ya mwingine. Majisifu ana jina jaladani, lakini hana la kusema.

Turejee darasani. Mwaka 1967, mwanaisimu Pit Corder alitofautisha kuteleza kwa kalamu na kosa la kimfumo linalotokana na kanuni ambayo mwanafunzi amejijengea akilini. Anayeandika 'mtu mwenye alikuja' badala ya 'mtu aliyekuja' hajateleza. Ana kanuni yake, naye ataifuata kesho. Vivyo hivyo 'alinipea' badala ya 'alinipa', 'niko na vitabu' badala ya 'nina vitabu', na 'kulingana na mimi' badala ya 'kwa maoni yangu'. Kuyapigia mistari hamsini kwa mara moja humkatisha tamaa. Afadhali kila mwanafunzi awe na daftari la makosa yake mwenyewe, ashughulikie mawili kila wiki, na ayakague kabla ya kuwasilisha insha.

Pili, wanafunzi waandike mpango wa insha kwa Kiswahili. Wengi hufikiri kwa Kiingereza kisha hutafsiri, ndipo tunapopata sentensi zilizopinda kama 'nilifanya akili yangu kwenda'. Anayepanga kwa Kiswahili atasema 'niliamua kwenda', na safari itaendelea.

Tatu, wasome kama waandishi. Mpe mwanafunzi aya moja ya riwaya. Aisome mara mbili, aifunge, aandike tukio lilo hilo kwa maneno yake, kisha alinganishe. Atajionea mwenyewe wapi mwandishi alitumia kitenzi kimoja pale yeye alipotumia maneno sita. Zoezi hili humfundisha mtiririko na uakifishaji kuliko mihadhara yetu mingi.

Nne, kila pambo lijibu swali: linafanya kazi gani hapa? Methali moja inayochipuka kutokana na kisa hushinda kumi zilizopangwa kama vyombo kabatini. Insha ya KCSE ina takriban maneno 400. Mtahiniwa anayetumia 80 kulichomoza jua amejinyang'anya nafasi ya kuijenga hoja yake.

Mwisho, aandike tena. Insha inayoandikwa mara moja, ikapewa alama na kutupwa, haimfundishi mtu kuandika. Humfundisha kuogopa.

Nasi walimu tujisahihishe. Ni sisi tuliowafunza kwamba lugha nzito ndiyo lugha nzuri, na tukaituza. Mwanafunzi alifuata alama, nasi ndio tuliokuwa na kalamu nyekundu. Tukipenda sentensi ya kweli ikose alama kwa kuwa haikupambwa, tusishangae tukiletewa mapambo yasiyo na sentensi.

Kama ningeipata leo insha ya yule mvulana, ningefuta aya mbili za kwanza, nikasahihisha ngeli zilizokosewa, na pembeni mwa kamba ile ningeandika: 'Anzia hapa.' Kisha ningemwambia kwamba ni kweli Kiswahili kina wenyewe, na mmojawapo ni yeye aliyemwona baba yake akirudi bila ng'ombe, akapata maneno ya kulisema jambo hilo.