Pongezi kwa Wenye Sindano ya Mwisho

Kwetu Kibeta, Bukoba, marehemu huzikwa kibanjani, kati ya migomba, na wengi hatutaki apasuliwe kwanza kuchunguzwa. Ndiyo maana nawapongeza wataalamu wa CHAMPS, mradi wa kuchunguza vifo vya watoto, huko Kisumu na Siaya, Kenya, ng'ambo ya ziwa letu Victoria. Wazazi wakiridhia, bila kupasua mwili huchoma sindano kwenye mapafu, ini na ubongo wa mtoto aliyefariki, wakatoa vipande vyembamba kama uzi. Vipande hutiwa rangi, seli zikasomwa kwa hadubini. Kisha hurudi kumweleza mama kilichomuua mwanawe. Hapo nawavulia kofia.

Nasi tunahitaji majibu kama hayo: Machi 2023, Bukoba, tuliambiwa watu wamekufa kwa "ugonjwa usiojulikana", hadi tarehe 21 ulipotajwa: homa ya virusi vya Marburg. Wizara ya Afya, tuleteeni sindano hiyo mkoani kwetu Kagera.