Hongera, Mafundi wa Boriti

Sakafu ya ghorofani ikianza kubonyea katika nyumba ya Mji Mkongwe, Unguja, wengi husingizia uzee. Fundi wa boriti hahangaiki na katikati. Huenda ukutani, akachokonoa ncha ya mti kwa bisibisi, maana maji yanayovuja huiozesha pale ilipozama ndani ya jiwe. Kisha hukita mihimili ya muda, huondoa mawe na chokaa, hupachika boriti mpya ya mkoko, na sakafu hushindiliwa upya. Mwenye pupa angemwaga zege juu, akautwisha mti uliochoka mzigo zaidi!

Tangu mji uingie Urithi wa Dunia mwaka 2000, sifa nyingi huenda kwenye milango ya nakshi. Mafundi hawa nao wapewe zao, na ujira wao usicheleweshwe.