Jengo mpya la biashara ku ville: tuhesabu na kile kinachotoka



Kila mara jengo mpya la biashara linapofunguliwa hapa Lubumbashi, tunasikia hesabu ile ile. Kazi ngapi zimeundwa, meta za mraba ngapi zimejengwa, magari mangapi yataegeshwa, kodi ngapi itaingia ku jimbo. Picha ya vioo, utepe unakatwa, na yale maneno tunayoyajua: «mji unaendelea». Upande wa pili wengine wanajibu kwa hasira: «supermarché itaua soko». Mimi naona makundi yote mawili yanafanya kosa moja. Kila moja linasoma ukurasa mmoja tu wa daftari. Na jambo hili linatugusa sisi wenye lisansi, juu njo sisi tunaitwa kuandika ripoti za miradi, kukaa mu ofisi za komini na kusema ku redio. Tukiandika hesabu ya nusu, mama wa soko atailipa nzima.

Tuanze na makuta yenyewe. Duka haliumbi makuta ya mnunuzi, linayapokea. Mfanyakazi wa kampuni ya madini hapati nyongeza ya mshahara juu jengo limefunguliwa ku ville. Zile dola 40 anazoacha pale siku ya posho, zamani alikuwa anaziacha mahali pengine: ku alimantasio ya barabara Mama Yemo, ku butike ya jirani, ao ku soko ya Kenya. Basi sehemu kubwa ya mauzo ya duka mpya ni mauzo yaliyohama. Faida mpya kwa wanunuzi wa mji iko hasa mu vitu viwili: pesa zilizokuwa zinavuka Kasumbalesa kwenda kununua Zambia na sasa zinabaki hapa, na akiba ya mnunuzi kama bei imeshuka kweli. Vitu hivyo viwili vipo, sivikatai. Lakini mu matangazo havipimwi. Kinachopimwa ni mauzo yote pamoja, sawa vile kabla ya duka watu walikuwa hawali.

Ili tujue namna ya kupima, twende kidogo mbali, mahali ambapo jambo hili lilifuatwa kwa miaka mingi: jimbo la Iowa kule Marekani, inchi ya mahindi. Kenneth Stone, mwalimu wa uchumi ku Iowa State University, alifuata hesabu za mauzo ya miji midogo baada ya Walmart kuanza kufungua maduka kule mu miaka ya 1980. Alichokiona si hadithi ya upande mmoja. Mji uliopata duka kubwa, mauzo yake ya jumla yalipanda. Waliouza vitu ambavyo Walmart haiuzi, kama restora, walipata wateja zaidi juu watu walikuja wengi. Waliouza vitu vile vile, kama chakula, nguo na vyombo vya ujenzi, walishuka. Na walioumia zaidi ni miji midogo ya jirani, isiyopata duka lolote, juu wateja wao walihamia kule. Kati ya 1983 na 1993 Iowa ilipoteza maduka 555 ya chakula na 298 ya vyombo vya chuma. Si yote yalikufa juu ya Walmart, lakini mwelekeo ulionekana.

Upande wa kazi, wataalamu wenyewe hawapatani. Emek Basker aliandika mu 2005 kwamba Walmart ikifunguliwa, kazi za biashara mu eneo zinaongezeka karibu 100 mwaka wa kwanza, kisha nusu ya hizo inapotea mu miaka mitano. David Neumark na wenzake waliandika mu 2008 kwamba jumla inashuka: kila mfanyakazi mmoja wa Walmart anachukua nafasi ya wafanyakazi kama 1.4 wa maduka mengine. Mmoja anaona faida ndogo, mwengine hasara. Lakini angalieni: duka moja la namna ile linaajiri watu kati ya 150 na 350. Kwa wote wawili, kinachobaki ni kidogo sana kuliko kinachotangazwa siku ya utepe.

Sasa turudi kwetu, juu Lubumbashi si Iowa. Kule watu wananunua kwa gari na kujaza friji. Hapa jamaa nyingi zinanunua unga kwa meka, mafuta kwa kipimo kidogo, nyanya kwa fungu, kulingana na makuta ya siku ile. Mama wa soko anakujua, anakuongezea kidogo, anakukopesha mpaka mwisho wa mwezi. Duka kubwa haliwezi kufanya hivyo. Kwa hiyo wale wanaosema soko ya Kenya itakufa kesho wanakosea. Anayepigwa kwanza ni yule wa katikati: mwenye alimantasio anayeuza maziwa ya poda, sabuni, mchele wa mfuko na jibini kwa mteja mwenye mshahara. Mteja yule njo duka mpya linamtafuta. Mwenye alimantasio akipunguza, anaachisha vijana wake wawili ao watatu. Hakuna mtu anayekata utepe siku ile, na hakuna ripoti inayowahesabu.

Mama wa soko yeye anaguswa kwa njia ingine, ile ya nafasi. Jengo zuri linataka barabara safi mbele yake, na mara nyingi «usafi» maana yake ni kuondoa wanaouza chini. Sikatai usafi. Lakini mchuuzi anaishi kwa miguu ya wapita-njia. Ukimpeleka mbali na kituo cha taksi-basi, umemkata wateja hata kama umempa meza mpya ya sima. Kinshasa wameona jambo hili kwa ukubwa. Soko kuu, Zando, lilifungwa mwanzo wa 2021 ili lijengwe upya, wachuuzi wakatawanyika mu barabara na masoko ya pembeni, na kazi ikachukua miaka. Soko lile lilihitaji kujengwa, hilo halina ubishi. Lakini miaka ya kungoja nayo ni gharama, na aliyeilipa ni mama aliyekuwa anasomesha watoto kwa mauzo ya kila siku.

Kuna kipimo kingine ambacho sisi wa kilimo tunakijua vizuri. Hatusifu shamba juu ni kubwa. Tunauliza: limetoa nini kwa hekta? Ku Asheville, mu North Carolina, Joe Minicozzi aliuliza swali hilo hilo juu ya majengo. Alilinganisha Walmart ya pembeni ya mji, pamoja na parkingi yake pana, na jengo moja la zamani la ku ville lililorekebishwa, maduka chini na nyumba za watu juu. Kwa eka moja, Walmart ilitoa kodi ya mali ya karibu dola 6,500 kwa mwaka. Jengo la zamani, kwa kipimo hicho hicho, dola 634,000. Kazi kwa eka: karibu 6 kwa Walmart, karibu 74 kwa jengo la zamani. Kodi zetu si za namna ile, lakini swali linafaa hapa. Ku ville ya Lubumbashi, kiwanja ni kitu haba. Kipande kinachofanywa parkingi ya magari hamsini, ni biashara ndogo ngapi zingeweza kukaa pale? Mwenye kusifu meta za mraba ajibu kwanza hilo.

Nafika sasa kwa swali ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: mali inayopangwa mu rafu imetoka wapi? Duka likinunua nyanya, shinwa na mayai kwa wakulima wa Kilobelobe, Kashamata ao Mashimikila, dola ya mteja inazunguka: mkulima analipa kibarua, kibarua ananunua unga, mwenye unga analipa masomo. Likishusha nyanya na vitunguu kutoka Afrika Kusini ao Zambia, dola ile ile inalala mu mji usiku mmoja tu, kisha inarudi ku mpaka. Majengo mawili yanayofanana kwa vioo na kwa idadi ya wafanyakazi yanaweza kuwa na matokeo tofauti kabisa mu mifuko ya watu. Mu matangazo hamtaona tofauti hiyo.

Wenye maduka nao wana jibu lao, na ni lazima tulisikilize. Wanasema mkulima wa hapa haleti kila wiki, haleti kipimo kimoja, hana faktura. Ni kweli. Wanaweza kuongeza kwamba watafiti wameisha kupata metali nzito mu udongo na mu mboga za bustani zetu kadhaa, juu ya vumbi na maji ya migodi. Hilo pia ni kweli, na mama wa soko hana namna ya kulipima. Duka kubwa linaloomba mboga iliyopimwa lingeweza kusukuma mji wote kusafisha maji na udongo wake. Ao lingeweza kuchukua jambo hilo kama sababu ya kuagiza kila kitu inje. Kati ya njia hizo mbili kuna mkataba, na mkataba unaandikwa kabla ya kutoa ruhusa, si baada ya ufunguzi.

Tusisahau pia kwamba duka kubwa linaweza kuondoka. Shoprite ya Afrika Kusini ilifungua Kinshasa mu 2012, na kama miaka kumi baadaye iliacha Kongo. Na hapa kwetu wateja wa mshahara wanafuata bei ya shaba. Mwisho wa 2008 bei ile ilianguka kutoka zaidi ya dola 8,000 kwa tani mpaka karibu 3,000, makampuni mengi ya Katanga yakafunga ao yakaachisha watu. Mu siku kama hizo soko ya meka inajikunja lakini inabaki. Mji ulioacha alimantasio zake zife kwa ajili ya mnunuzi mmoja mkubwa unajikuta bila kimoja na bila kingine.

Kwa hiyo sidai tufunge mlango. Mbelgiji alijaribu kwake: tangu 1937 mpaka 1961 sheria ilizuia kufungua ao kupanua maduka makubwa ili kulinda wadogo. Baadaye, mu 1975, walichagua njia ingine, ruhusa inayotolewa baada ya kuchunguza matokeo. Sisi tuna sheria ya 8/8/1990 inayoachia Wakongomani biashara ndogo, lakini haituambii namna ya kupima jengo kubwa linapoingia katikati yao.

Mpaka tupate chombo hicho, yeyote kati yetu anayepewa karatasi ya kusaini, ku komini, ku jimbo ao ku kampuni, aombe majibu matatu kwa maandishi. La kwanza: kati ya mauzo yanayotazamiwa, ngapi zitatoka kwa maduka yaliyopo, na vijana wangapi wanafanya kazi humo? La pili: katika kila dola 100 za mboga, mayai na unga, ngapi zitalipwa kwa wakulima wa hapa, na kuanzia mwezi gani? La tatu: wachuuzi waliopo mbele ya kiwanja wataenda wapi, na kituo cha taksi-basi kitakuwa umbali gani nao?

Mwenye mradi mzuri hataogopa maswali hayo, na jengo lake litakuwa na faida ya kuonyesha. Mwenye kukataa kuyajibu ametujibu tayari, na jina letu lisiwe chini ya ripoti yake.