Shujaa wa Katuni na Bibi wa Kashasha

Hadithi za katuni ni fasihi ya vijana wetu, tupende tusipende. Mwalimu anayezitupa bila kuzisoma hajazihakiki, amezikimbia tu. Yafaa tujiulize: msichana wa Bukoba au Muleba akutanapo humo na shujaa wa kike, hupata nini?

Mashuhuri kuliko wote ni Wonder Woman, aliyebuniwa Marekani mwaka 1941 na mwanasaikolojia William Moulton Marston. Shabaha yake ilikuwa njema: wasichana waone mwanamke mwenye nguvu, asiyengoja kuokolewa na mwanamume. Lakini nguvu hizo ametunukiwa na miungu ya Kiyunani, na mavazi yake yamekatwa kwa ajili ya macho ya wanaume. Oktoba 2016 Umoja wa Mataifa ulimfanya balozi wa heshima wa kuwawezesha wanawake na wasichana. Wafanyakazi wa Umoja huohuo wakapinga, na kabla mwaka haujaisha wadhifa ukakoma. Nadhani waliopinga walikuwa na haki. Dunia yenye wanawake wa kweli wengi kiasi hiki haikuwa na haja ya kuazima balozi wa karatasi.

Karibu nasi, kampuni ya Kukua ya Nairobi ilitoa mwaka 2021 katuni ya filamu iitwayo Super Sema. Sema ni msichana wa Kiafrika anayepambana na mtawala wa mashine kwa sayansi na ubunifu. Hapo pana hatua mbele, maana sayansi hufundishika. Hata hivyo adui wake ni roboti, na roboti haina ukoo.

Kizuizi cha msichana wa Muleba mara nyingi kimo nyumbani, nacho huitwa mila. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988, akiwa mzee asiye na wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama hiyo ikayabatilisha mauzo. Ya Wilaya ikayarudisha. Februari 1990, katika Mahakama Kuu, Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984: mwanamke aweza kuuza kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume.

(Kashasha hiyo dunia huikumbuka zaidi kwa wasichana wa shule waliopatwa na kicheko kisichozuilika mwaka 1962, hata shule ikafungwa. Waliocheka wanajulikana kote. Bibi aliyeshinda kesi hutajwa na wanasheria tu.)

Msanii atauliza: rufani huchorwaje? Hakuna ngumi wala kuruka angani. Lakini katuni ina uwezo ambao riwaya haina, wa kurudia picha ileile: benchi lilelile, bibi yuleyule, karatasi mkononi, na katika kila mraba migomba nje ya dirisha imerefuka kidogo. Msomaji angeuona ustahimilivu kwa macho, na angejua kwamba kwenda mahakamani hakuhitaji miungu.

Ningeomba jambo moja tu kwa atakayeichora: mpwa asipewe pembe. Naye alisimamia mila aliyorithi, na katika picha ya mwisho ingefaa aonekane akitoka mlango uleule anaotokea shangazi yake.