Fundi wa Sauti Hafifu

Mwaka 1987, nikiwa darasa la saba, niliiharibu redio ya babu bila kuvunja kitu. Ilikuwa National ya bendi tatu, imevishwa koti la ngozi lenye matundu upande wa spika, nayo ilikaa juu ya kabati nyumbani kwake Karungu, mahali ambapo mkono wa mtoto haukutakiwa kufika. Siku hiyo wazee walikuwa wamekwenda matangani. Nikaifungua mgongo kwa kisu cha mezani. Ndani niliona makopo manne ya bati, madogo kama punje za mahindi, kila moja lina skrubu ya rangi katikati: nyekundu, njano, nyeupe, nyeusi. Nilizijaribu kwa ncha ya kisu nikaona zote zimelegea. Basi nikajihesabu mtu wa msaada, nikazikaza zote nne mpaka zikagoma.

Jioni babu aliwasha, redio ikavuma kama kawaida, lakini vituo vilikuwa vimehama. Alizungusha sindano kutoka mwanzo hadi mwisho wa bendi asikute hata mluzi.

"Nani amegusa nyakalondo?" aliuliza, maana ndivyo tunavyoiita redio kwa Kijaluo.

Hakuna aliyejua, na mimi nikawa miongoni mwa wasiojua.

Kwa wiki mbili hakuna aliyekufa. Nasema hivyo kwa sababu kifo, kwa watu wa upande wetu wa ziwa, kilikuwa hakijatimia mpaka kisomwe redioni: jina la marehemu, baba wa nani, mkwe wa nani, mwili unaondoka Mombasa au Nairobi siku gani, maziko yatakuwa wapi. Babu alikuwa akiyasikiliza matangazo ya vifo akiwa ameketi wima, kofia magotini, kama aliyemo msibani tayari. Siku ya kumi na nne akaja jirani kumpa pole ya shemeji ambaye tayari alikuwa ameshazikwa. Kesho yake nikatumwa Migori, redio imefungwa kwenye leso, niipakate ndani ya matatu kama mtoto mgonjwa.

Kibanda cha fundi kilikuwa sokoni, jirani na mashine ya posho. Fundi huyo kazi aliipatia Kisumu, katika duka la Mhindi mmoja: mwaka wa kwanza alifagia, wa pili alishika tochi, wa tatu ndipo alipopewa chuma cha kulehemu. Migori ya wakati huo umeme haukuwa wa kila kibanda, kwa hiyo chuma hicho kilipata moto kwenye jiko la makaa, na fundi alijua kimeiva kwa kukisogeza karibu na shavu.

Hakuniuliza ugonjwa. Aliiwasha redio, akalowesha kidole cha shahada kwa mate, akagusa mguu wa kati wa kitufe cha sauti. Spika ikanguruma.

"Huku chini ni mzima," akasema.

Kidole chake kilikuwa kimeshaigawa redio sehemu mbili. Kuanzia pale alipogusa hadi kwenye spika hapakuwa na kosa, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa juu, upande wa kupokea. Akaielekeza redio kwenye mwanga, akayatazama yale makopo manne, kisha akanitazama mimi.

"Ulitumia kisu au bisibisi?"

"Kisu, fundi."

Hakucheka wala hakunigombeza, na hadi leo namshukuru kwa hilo. Alichukua mpini wa mswaki wa plastiki alioukwangua ncha mpaka ukawa bapa, akaanza kunifundisha huku akifanya kazi. Zile si skrubu, alisema. Ni vipande vya ferraiti, hupanda na kushuka ndani ya koili, na kila kimoja kina kimo chake. Bisibisi ya chuma haifai kwa sababu chuma chenyewe huivuruga koili: utapata kituo, ukiitoa bisibisi kituo kinaondoka nayo. Kile cheupe nilikuwa nimekipasua. Alivuta boksi lililojaa maiti za redio, akachokoa kopo jeupe kutoka kwa marehemu mmoja, akalilehemu mahali pake.

Nimekuja kuelewa baadaye alichokuwa akikirudisha. Redio ya aina ile hailichukui wimbi la kituo na kulipeleka spika vivi hivi. Yenyewe huzalisha wimbi la pili ndani kwa ndani, hiyo ndiyo kazi ya kopo jekundu, ikalichanganya na lile linaloingia, na tofauti ya hayo mawili, uwe unasikiliza Nairobi au Kampala, huangukia palepale: kilohezi 455 kwa redio nyingi za wakati ule. Makopo ya njano, nyeupe na nyeusi ni milango mitatu mfululizo inayoruhusu 455 tu kupita. Ukikaza skrubu zote, umejenga milango mitatu isiyotazamana. Mpango huo ni wa Mmarekani Edwin Armstrong, aliyeubuni mwaka 1918 akiwa jeshini Ufaransa. Inanifurahisha kwamba wazo la mwanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia lilirekebishwa kwa mpini wa mswaki kando ya mashine ya posho.

Voice of Kenya ilirudi upesi. Mimi nikanyoosha mkono niichukue redio yangu. Fundi akaizungusha sindano kukihama kituo kile.

"Sasa ndiyo tunaanza kazi," alisema. "Kituo chenye nguvu kinadanganya."

Ndani ya redio kuna sakiti inayombana mwenye sauti kubwa ili asipasue masikio, na kumwachia mwenye sauti ndogo. Kwa hiyo ukipimia kituo kikubwa, hata ukikosea robo ya mzunguko hutasikia tofauti, maana sakiti itakuwa imekufichia kosa lako. Lazima utafute kituo dhaifu. Alitafuta hadi akakikuta kituo cha Uganda, ambacho saa hiyo ya mchana kilisikika kama mtu anayezungumza nyuma ya ukuta wa udongo. Alifumba macho. Akagusa cheusi kidogo, akarudi kwenye cheupe, akaenda kwenye njano, akaanza upya. Mashine ya posho ilipozidi kelele aliweka chombo chini akangoja, kama mtu anayengoja kengele ya kanisa inyamaze ndipo aendelee na mazungumzo. Yule mtu wa nyuma ya ukuta akasogea. Nikasikia kwamba ni mwanamke. Kisha nikasikia kwamba anasoma bei.

Fundi akawasha mshumaa, akadondosha tone la nta juu ya kila kopo.

"Hii ni ya kuzuia visu," alisema. Nikalipa shilingi ishirini.

Tunapoandika habari za redio nchini tunaanzia upande wa wanaorusha. Kampuni ya walowezi iliyoanza kutangaza Nairobi mwaka 1928. Serikali huru iliyoichukua idhaa na kuipa jina la Voice of Kenya mwaka 1964, kisha Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989. Sauti kubwa kama ya Leonard Mambo Mbotela, aliyeanza kutuuliza katika kipindi chake mwaka 1966 kama huu ni ungwana, na ambaye Jumapili ya Agosti 1, 1982 alilazimishwa na wanajeshi waasi kuisomea nchi habari ya mapinduzi ambayo hayakumaliza siku. Yote hayo ni kweli. Lakini mlingoti hata uwe mrefu vipi hausemi neno mpaka mtu wa Karungu asikie, na kati ya mlingoti na mtu wa Karungu alikaa fundi. Alikaa pamoja na mawe ya Eveready yaliyotoka kiwandani Nakuru, yale tuliyoyaanika juani juu ya bati yakifa ili yatupe taarifa moja zaidi ya habari. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2014.

Kituo dhaifu kuliko vyote, na ninachokiheshimu kuliko vyote, kilikuwa Homa Bay. Mei 1982, kwa msaada wa UNESCO, ulifungwa pale mtambo mdogo wa gharama ya chini uzungumze na watu wa karibu kwa lugha yao, na nchi nzima iendelee na shughuli zake. Hutajwa mara nyingi kama redio ya kwanza ya jamii barani Afrika. Fikiria ujasiri wa jambo hilo: redio inayokubali kutosikika Nairobi. Miezi mitatu baadaye ndiyo ile Jumapili ya Mbotela, ambapo kila aliye madarakani aliona kwa macho yake kwamba anayeshika maikrofoni ameshika nchi, japo kwa saa chache. Mwaka 1984 serikali ikaifunga redio ya Homa Bay. Sitadai kwamba moja lilizaa lingine. Nasema tu kwamba haukuwa msimu mzuri kwa mtambo mdogo, na kwamba ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla ya masafa kufunguliwa kwa wengine.

Yalipofunguliwa, Capital FM ikianza Nairobi mwaka 1996 na zikafuata idhaa za lugha zetu kama Ramogi FM, kazi ya fundi ilibadilika. FM nayo ni ya Armstrong yuleyule, aliyepata hataza zake mwaka 1933, akapoteza miaka na mali akipigania haki yake mahakamani, akajiua mwaka 1954. Sauti yake ni safi, radi haiipasui. Ila FM husafiri kama macho yanavyosafiri: ikikutana na kilima inakoma. Upande wetu ni wa vilima, Gwassi, Ruri, Homa, na nyuma ya kila kimoja kuna kijiji kilicho gizani. Kwa miaka kadhaa fundi aliishi kwa kuunganisha eriali zilizovunjika na kuwaelekeza watu wasimamishe waya juu ya mwembe gani. Na FM ina tabia moja isiyokuwa ya uungwana: vituo viwili vikikutana katika masafa mamoja, redio humshika mwenye nguvu na kumfuta mnyonge kana kwamba hakuwahi kufungua kinywa. Katika masafa ya kati ungewasikia wote wawili, mmoja juu ya mwingine, kama wageni sebuleni.

Hata hivyo wanyonge hawakuisha. Katika kisiwa cha Mfangano ipo Ekialo Kiona, maana yake dunia nzima, redio inayotangaza kwa Kisuba, lugha ambayo kizazi baada ya kizazi imekuwa ikimezwa na Kijaluo. Dunia nzima ya kisiwa kimoja. Nikiwa Mbita niliwahi kumwona mchuuzi wa omena akiwa ameinamia simu ya kabambe, waya mfupi umechomekwa kwenye tundu la visikizio. Simu zile hufanya waya wa visikizio kuwa eriali, hazikubali kushika FM mpaka zione kitu kimechomekwa. Mtu fulani alikuwa amekata visikizio vibovu akabakiza kichwa na kipande cha waya, ili simu ipate eriali na sauti itokee kwenye spika. Nilimwuliza nani amemfanyia. Akasema ni fundi tu, hapo stendi. Nikatambua ukoo.

Sasa kuna utiririshaji. Sauti hukatwa vipandevipande, kila kipande kikaandikwa anwani, kikarushwa intanetini, na simu yako ikavikusanya akiba kabla ya kuanza kucheza. Ndiyo maana siku ya mechi ya Gor Mahia anayesikiliza kwa bando hupiga kelele za bao wakati wenye FM wameshakaa chini. Simlaumu. Binti yangu aliye ng'ambo husikiliza taarifa za huku nyumbani kwa Kijaluo akipika, bila mkwaruzo hata mmoja, na babu angeiona hiyo kama muujiza. Lakini nimegundua kwamba huko hakuna kituo dhaifu. Sauti ama ipo nzima, ama haipo, na kiduara kinazunguka. Hakuna anayezungumza nyuma ya ukuta, wala robo ya mzunguko ya kumsogeza. Na mtambo wa FM haujui una wasikilizaji wangapi, unasema tu, aliye karibu na asikie. Huku kwingine wewe msikilizaji unahesabiwa, na kila kipande unakilipia.

Mwaka jana nilipita Migori. Fundi amezeeka, sasa namwita Jaduong', na kibandani mwanawe hubadilisha vioo vya simu na kujazia watu nyimbo kwenye kadi za kumbukumbu. Boksi la maiti bado lipo chini ya meza. Niliketi naye nikamfungulia idhaa kwenye simu yangu. Alisikiliza kwa muda, kichwa ameinamisha, macho amefumba.

"Iko safi mno," alisema. Sikujua kama ni sifa.

Mtandao ukayumba, kiduara kikaanza kuzunguka, kimya kikaingia. Nikaanza kueleza mambo ya bando na minara. Hakunisikiliza. Aliichukua simu kwa mikono miwili, akaigeuza polepole, kwanza kuelekea ziwani, kisha kuelekea Isebania, jinsi unavyogeuza redio yenye eriali ya ferraiti kumtafuta mtu. Mahali fulani kati ya pande hizo mbili sauti ikarudi. Akatikisa kichwa, akailaza mezani taratibu ikiwa imetazama upande uleule, na kumkataza mwanawe asiiguse.