Wapimaji wa Mkono wa Mtoto
Kazi ya wapimaji wa mwendo wa mkono huanza kwa kubembeleza, na hapo ndipo ninapowaheshimu zaidi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akiogopa, misuli yake hukaza, na kipimo huharibika. Akitulia, wapimaji humbandika vitufe vinavyoakisi mwanga begani, kwenye kiwiko na kifundo cha mkono, kamera zikimzunguka. Mkono hauna mwendo mmoja unaojirudia kama hatua za miguu, hivyo humwomba apeleke kikombe mdomoni, tena na tena. Ngozi ya bega huteleza juu ya mfupa, kitufe hudondoka, wanaanza upya. Kisha hukagua picha kwa picha: kiwiko kimenyooka kweli, au kiwiliwili ndicho kilichoinama kukisaidia? Daktari anayechagua msuli wa kudunga dawa ya kulegeza huegemea michoro yao ya mwendo huo.